Seva Hutiwa Kiraka Usiku: Kwa Nini, na kwa Njia Gani?

Somo kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosemwa katika redio. Mwalimu wa darasa na alisome tena polepole, kisha wanafunzi wajibu maswali yaliyo mwisho.

Natumaini mmekwisha kuketi, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Aliye mbali na redio na asogee karibu.

Siku moja nilikuwa nimeketi na darasa la jioni katika Katandala, hapa mjini Sumbawanga. Mama mmoja, muuza maharage, aliinua simu yake akatusomea habari aliyoletewa na kampuni yake ya simu. Aliisoma mwenyewe, neno kwa neno, nasi tukamsikiliza. Ilisema kwamba huduma ya fedha haitapatikana toka saa 8 usiku mpaka saa 10 alfajiri, kwa sababu ya matengenezo ya mfumo.

Alipokwisha kusoma, alinitazama akasema, “Mwalimu, fedha yangu ya maharage imo humu. Wakijifungia usiku, wanafanya nini na fedha yetu?”

Mzee mmoja aliyeketi nyuma akaongeza, “Duka likifungwa wakati wa hesabu, hapana budi kuuliza.”

Mama akaendelea. Asubuhi yake mtu asiyemjua alimpigia simu. Mtu huyo alisema kuwa fedha zake zimekwama kwa ajili ya matengenezo, basi ataje namba yake ya siri ili zifunguliwe. Mama hakuitaja. Alikata simu, akaja darasani kuuliza kwanza.

Maswali hayo mawili, la mama na la mzee, ni maswali ya haki. Somo la leo litayajibu. Tutajifunza mafundi hufanya nini usiku ule, kwa nini ni lazima wafanye, na jinsi fundi hodari anavyoweza kuifanya kazi hiyo bila kuwafungia watu mlango kwa muda mrefu.

DAFTARI KUU LIKO WAPI?

Fedha ya simu haimo ndani ya simu. Ukitupa simu yako kisimani, fedha yako haizami. Simu ni kama dirisha tu. Fedha yako imeandikwa katika daftari kuu, na daftari hilo limo katika kompyuta kubwa iliyo mbali nawe. Kompyuta iwatumikiayo watu wengi kwa pamoja huitwa seva. Daftari lililomo ndani yake huitwa hifadhidata, yaani mahali pa kuhifadhi habari kwa utaratibu, ili ziweze kutafutwa upesi.

Hapa Tanzania huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya. Tangu hapo mambo mengi yameingia katika madaftari ya namna hii. Unaponunua umeme wa LUKU na kupata zile tarakimu 20, hifadhidata imeulizwa ikajibu. Unapolipa ada ya Serikali kwa namba ya malipo, ni vivyo hivyo. Kadhalika unapopokea fedha kwa simu baada ya kuuza mahindi.

Mwezi wa Mei mwaka 2021 mfumo wa kuuza umeme wa LUKU ulisumbua kwa siku kadhaa. Watu wengi walishindwa kununua umeme kwa simu, wakaenda kupanga foleni. Siku zile wengi walitambua jambo ambalo hawakuwa wamelifikiri: daftari kuu likisimama, nyumba nyingi husimama nalo.

TUNDU NA KIRAKA

Seva hufanya kazi kwa maagizo yaliyoandikwa na watu. Maagizo hayo huitwa programu. Programu kubwa ina mistari mingi mno, na hakuna mwandishi asiyekosea. Mara nyingine kosa huwa dogo. Mara nyingine huwa tundu, ambalo mtu mwovu aweza kupenya na kusoma daftari, au kuliharibu, au kuandika uongo ndani yake.

Ninyi wakulima wa Ufipa mwajua habari za ghala. Ghala laweza kuwa imara, lakini likiwa na tundu moja dogo nyuma, panya ataingia. Hatapita mlangoni, wala hataomba ruhusa.

Waliotunga programu wakigundua tundu, hutengeneza kipande cha maagizo mapya cha kuliziba. Kipande hicho huitwa kiraka, kama kiraka cha nguo. Kisha hutangaza duniani kote kwamba programu fulani ina tundu fulani, na kiraka chake ndicho hiki. Kampuni ya Microsoft, kwa mfano, tangu mwezi wa Oktoba mwaka 2003 imekuwa ikitoa viraka vyake kwa siku maalumu, yaani Jumanne ya pili ya kila mwezi, ili mafundi wajue siku ya kujiandaa.

Sasa sikilizeni sana, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Tangazo la kiraka husikiwa na fundi, na husikiwa na mwizi pia. Mwizi hukichukua kiraka akakichunguza: kimeziba wapi? Akipajua, huanza kutafuta seva ambazo bado hazijatiwa kiraka. Basi siku tundu litangazwapo, hatari haipungui. Kwa seva ambayo haijazibwa, hatari huzidi. Tangu siku hiyo fundi na mwizi wanashindana mbio.

WALIOCHELEWA

Nitawapa mifano miwili ya kweli.

Mfano wa kwanza ulitokea tarehe 25 Januari mwaka 2003. Siku hiyo programu mbaya yenye kujieneza yenyewe, iliyoitwa Slammer, ilizishambulia seva za hifadhidata zilizotumia programu ya Microsoft iitwayo SQL Server. Kwa muda wa dakika 10 hivi ilikuwa imekwisha kuingia katika sehemu kubwa ya seva zote zilizokuwa na tundu lile. Jumla yake ilipata kiasi cha 75,000. Kule Marekani, mashine kiasi cha 13,000 za kutolea fedha za benki moja kubwa zilishindwa kufanya kazi. Na kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa lini? Kilitolewa mwezi wa Julai mwaka 2002, miezi sita kabla ya shambulio. Dawa ilikuwapo, lakini wengi hawakuwa wameinywa.

Mfano wa pili ni wa tarehe 12 Mei mwaka 2017. Programu mbaya iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150. Ilizifunga habari zilizomo katika kompyuta, kisha ikadai malipo ili izifungue. Uingereza, hospitali nyingi zilishindwa kusoma habari za wagonjwa. Ilikadiriwa kuwa miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilivunjwa. Kiraka kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla.

Mwaona, basi, kwamba wale wanaokesha usiku wakitia viraka wanakulinda wewe. Mama yetu wa Katandala angekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuogopa kama kampuni yake isingefanya matengenezo hata siku moja.

KWA NINI SEVA ISIMAME?

Mtu ataniuliza, “Kama kiraka ni kidogo, kwa nini huduma isimame?”

Ni kwa sababu programu inapofanya kazi, maagizo yake huwa yamekwisha kusomwa na kuwekwa katika akili ya mashine. Ukiandika maagizo mapya katika diski yake, mashine huendelea kuyafuata yale ya zamani iliyokwisha kuyasoma. Aghalabu ni lazima programu izimwe na kuwashwa tena, ndipo ifuate maagizo mapya. Katika muda huo daftari halisomwi wala haliandikwi.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mwaka una siku 365, na kila siku ina saa 24. Zidisha, utapata saa 8,760. Kampuni ikiwaahidi wateja kwamba huduma haitakosekana zaidi ya sehemu moja katika 1,000 za mwaka, ina ruhusa ya kusimama kwa saa 8 na dakika 45 hivi mwaka mzima. Ikiahidi sehemu moja katika 10,000, haina zaidi ya dakika 53. Kama kila mwezi kuna kiraka, na kila kiraka kinakula saa mbili, ahadi itavunjika mapema.

Basi fundi amebanwa pande mbili. Asipotia kiraka, mwizi ataingia. Akizima seva mara kwa mara, wagonjwa, wanafunzi na wafanya biashara watakwama. Je, afanye nini?

MAKARANI WAWILI

Fikirini mahali pa kupima mahindi wakati wa mavuno. Kuna mizani, kuna meza, na kuna karani aandikaye kilo za kila mkulima. Kama karani ni mmoja, akiugua tu, kazi yote imesimama.

Lakini tuseme kuna makarani wawili. Karani wa kwanza huandika katika daftari lake. Kila amalizapo mstari, husoma kwa sauti, na karani wa pili huuandika mstari uleule katika daftari la pili. Madaftari yote mawili ni sawa, mstari kwa mstari. Karani wa kwanza akitaka kwenda kula, humwambia mwenzake, “Nimefika mstari wa 412. Wewe je?” Mwenzake hujibu, “Nami nimefika 412.” Hapo hubadilishana viti, na wakulima hawasubiri ila kidogo tu.

Mafundi hodari wa hifadhidata hufanya vivyo hivyo. Wana seva kuu, na wana seva ya akiba. Kila kiandikwacho katika seva kuu hupelekwa kwa waya na kuandikwa katika seva ya akiba. Njia hii ndiyo ifanyayo kiraka kiwezekane bila kufunga mlango kwa saa nyingi.

KAZI YA USIKU ULE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: kujua ulicho nacho. Fundi huwa na orodha ya seva zake zote, na programu zilizomo. Seva isiyo katika orodha husahauliwa, na iliyosahauliwa haitiwi kiraka.

Hatua ya pili: kujaribu. Kiraka hakitiwi kwanza katika daftari la watu. Hutiwa katika seva ya majaribio, iliyofanana na ile ya kazi, ambayo haina fedha za mtu. Fundi hutazama kama kazi za kila siku zinaendelea barabara.

Hatua ya tatu: kuweka nakala. Hifadhidata nzima hunakiliwa na kuwekwa mahali pengine. Fundi mwenye busara haridhiki kuiona nakala ipo tu. Huijaribu pia kama yaweza kurejeshwa. Nakala isiyorejesheka ni sawa na debe tupu lenye mfuniko mzuri.

Hatua ya nne: kuchagua saa na kutangaza. Huchagua saa ambayo watu wachache hutumia huduma, kama saa 8 za usiku. Huepuka mwisho wa mwezi, watu wanapopokea mishahara. Mwezi wa Aprili mwaka 2015, kampuni ya Safaricom ya Kenya ilipoihamisha mitambo ya M-Pesa kutoka Ujerumani kuja Kenya, kazi kubwa kuliko kiraka, wateja walitangaziwa mapema, na kazi ikafanywa usiku.

Hatua ya tano: kumtibu karani wa akiba kwanza. Seva ya akiba huzimwa, hutiwa kiraka, huwashwa. Wateja hawajui lolote, kwa kuwa seva kuu ingali ikifanya kazi. Ikisha kuwashwa, seva ya akiba huandika mistari yote iliyoikosa ilipokuwa imezimwa. Fundi hungoja mpaka madaftari yawe sawa kabisa. Asiyengoja hapa hupoteza malipo ya watu.

Hatua ya sita: kubadilishana viti. Fundi husimamisha uandishi kwa kitambo kidogo, huhakikisha mstari wa mwisho umefika, kisha huifanya seva ya akiba kuwa seva kuu. Simu za watu huuliza kwa jina moja tu, kama vile mkulima aulizapo “meza ya mizani” bila kujua ni karani gani aketiye. Basi jina hilo huelekezwa kwa seva mpya. Kazi ikiandaliwa vema, kitambo hicho huwa cha sekunde kadhaa au dakika chache. Hapo ndipo palipo na kusimama kwa huduma, wala si saa nzima.

Hatua ya saba: kumtibu karani wa kwanza. Seva iliyokuwa kuu sasa haina kazi ya watu. Hutiwa kiraka kwa utulivu, kisha huwa ndiyo seva ya akiba.

Hatua ya nane: kutazama. Fundi haendi kulala mara moja. Hutazama kama malipo yanapita, na kama madaftari mawili yangali sawa. Likionekana kosa, hufuata mpango wa kurudi nyuma ambao ulikwisha kuandikwa kabla ya kuanza.

Mtauliza, kama ni sekunde au dakika chache tu, kwa nini kampuni ilitangaza saa mbili? Ni kwa sababu fundi mwaminifu hutangaza muda wa kutosha kutazama, na wa kurudi nyuma likitokea baya. Tena si kila kampuni ina seva mbili, wala si kila kazi yaweza kufanywa kwa njia hii. Kiraka kidogo huingia karani mmoja baada ya mwingine. Lakini programu ikibadilishwa kwa toleo jipya kabisa, pengine karani wa zamani na karani wa mpya hawawezi tena kuandikiana, na kazi huhitaji maandalizi makubwa zaidi.

HARAKA BILA KUJARIBU

Nimesema kuchelewa ni hatari. Lakini haraka isiyo na majaribio ni hatari pia. Tarehe 19 Julai mwaka 2024, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani, itoayo programu za ulinzi wa kompyuta, ilipeleka badiliko lenye kosa kwa wateja wake. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilianguka. Ndege nyingi hazikuruka siku hiyo, na benki na hospitali zilipata taabu. Hakukuwa na mwizi. Badiliko lenyewe lilikuwa na kosa, nalo lilipelekwa kwa wote karibu wakati mmoja.

Ndiyo sababu fundi hujaribu kwanza, kisha hutia kiraka seva moja, hutazama, ndipo huendelea na nyingine. Haraka yake ni katika kuanza mapema. Akisha kuanza, huenda kwa hatua.

FEDHA ILIYO NJIANI

Sasa nimjibu mama. Tuseme unatuma shilingi 20,000 kwa mwanao aliye shuleni, na seva inazimwa saa hiyohiyo. Je, fedha yaweza kutoka kwako isifike kwake?

Hifadhidata nzuri ina sheria moja kubwa. Kutuma fedha ni mambo mawili: kupunguza kwako na kuongeza kwake. Sheria yasema kwamba yote mawili yatafanyika, au hata moja halitafanyika. Seva ikizimwa katikati, inapowashwa husoma kumbukumbu zake na kulifuta jambo lililobaki nusu. Kwa hiyo ukituma wakati wa matengenezo na usipate jibu, usitume tena kwa hofu. Ngoja. Huduma ikirudi, tazama salio lako kwanza. Likiwa limepungua, fedha ilikwenda. Likiwa halikupungua, waweza kutuma tena. Ikiwa salio limepungua na mwanao hakupata, andika namba ya muamala na uwapigie wenye huduma kwa namba yao unayoijua.

Na yule aliyempigia mama simu? Huyo ni mwizi wa namna nyingine. Hana haja ya tundu la seva, kwa kuwa anatafuta tundu katika hofu ya mtu. Hujua kwamba siku ya matengenezo watu wana wasiwasi, naye huja na maneno matamu. Fundi atiaye kiraka hahitaji namba yako ya siri. Hakuna hata hatua moja katika zile nane inayoitaka. Atakayekuomba namba hiyo, awe kwa simu au kwa maandishi, mkatalie. Vilevile akuambiaye utume fedha kwa namba nyingine kwa sababu ya matengenezo, usimsikilize.

Nilipomaliza kuyaeleza haya kule Katandala, yule mzee wa nyuma aliuliza jambo moja zaidi. “Mwalimu, nitajuaje kama kampuni yangu ina makarani wawili?”

Nilimwambia, “Mzee wangu, seva hutaziona. Lakini hesabu usiku waliotangaza, na usiku ambao huduma ilizimika bila tangazo. Waandike katika daftari lako.” Akafungua daftari lake, akachora mstari katikati ya ukurasa. Juu ya upande mmoja aliandika WALISEMA, na juu ya upande wa pili HAWAKUSEMA. Mama muuza maharage aliazima kalamu, akachora wake.

Nanyi fanyeni hivyo. Kwa herini, mpaka somo lijalo.

MANENO MAPYA

Seva: kompyuta iwatumikiayo watu wengi kwa pamoja.
Hifadhidata: daftari kuu lililomo ndani ya seva.
Kiraka: kipande cha maagizo mapya cha kuziba tundu la programu.
Seva ya akiba: seva iandikayo mambo yaleyale yaliyo katika seva kuu, tayari kushika nafasi yake.
Nakala: mfano wa hifadhidata uliowekwa mahali pengine.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini hatari huzidi siku kiraka kinapotangazwa, kwa seva ambayo bado haijatiwa?
2. Kwa nini seva ya akiba hutiwa kiraka kabla ya seva kuu?
3. Makarani wawili wakibadilishana viti kabla madaftari hayajawa sawa, ni nani atakayepata hasara? Elezeni.
4. Kampuni ina viraka 12 kwa mwaka. Kila kiraka kinasimamisha huduma kwa dakika 4. Je, itapita dakika 53?
5. Kila mtu na aandike sentensi mbili za kumjibu mtu anayepiga simu kuomba namba ya siri. Msomeane kwa sauti.